Hapa Hatupokei Wajawazito

Al Wakrah, Jumamosi asubuhi

Kwa Mama yangu,

Kabla hujafika mbali, jua kwamba mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, na kile kikohozi kilichonisumbua wakati wa baridi kiliniacha kabisa. Wewe je? Goti linasemaje mvua ikinyesha? Ile dawa ya kupaka niliyompa shangazi akuletee, unaipaka au umeifungia kabatini pamoja na zile nyingine? Na Baba, ameacha kupanda juu ya paa kuziba mabati akijifanya kijana? Mwambie nimeuliza, na nimeuliza kwa ukali.

Barua hii anakuletea Mwakio, yule mtoto wa jirani zetu wa kule juu, anayepanda ndege leo usiku kuja likizo ya mwezi mmoja. Mpe chai, amebeba na vitu vyenu vingine. Sikutaka kukueleza haya kwa simu. Nikipiga simu unaweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikia, mpaka aliyekuja kuomba chumvi. Na kusema kweli nimejaribu mara tatu. Kila mara hasira ilinipanda nikaishia kukuuliza kama Wundanyi kuna ukungu.

Jambo lenyewe ni hili: sipo tena kwenye ile kliniki ya meno ya Abu Hamour. Nilifukuzwa. Nimetaka ulisikie kwangu kabla mtu wa ushirika wetu wa kanisa huku hajamwandikia mtu wa huko kwamba binti yako alimjibu bosi wake kwa ujeuri mbele ya wateja. Ni kweli nilimjibu, na ningemjibu tena leo. Lakini kabla ya ule ujeuri nilikuwa mtiifu kwa karibu miezi mitatu, Mama, na huo utiifu ndio unaoniunguza.

Unakumbuka nilivyokutumia picha ya mahali pangu pa kazi. Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, viti kumi na viwili vya kungojea, na mimi kwenye meza ya mapokezi na kitambaa changu cha shingoni. Nje kuna bango kubwa lenye picha ya baba, mama na watoto wakicheka, meno meupe, na maneno ya kukaribisha familia zote. Ndani kulikuwa na daktari mmoja wa meno, Daktari Samira, mama Msudani wa makamo, mkali kwa maneno na mwepesi kwa mikono. Na mwenye kliniki, Mister Anwar, ambaye si daktari wa kitu chochote. Yeye ni mudiri, ndivyo wanavyomwita msimamizi huku, na kabla ya meno alikuwa akiuza mazulia.

Sasa, miezi michache nyuma mama mmoja mjamzito alizimia kwenye kiti cha daktari hata kabla hajaguswa. Hakuwa amekula tangu alfajiri, basi. Tulimpa maji na juisi, akaamka, akacheka mwenyewe. Lakini kesho yake mumewe alikuja akapiga meza yangu, kisha akaandika mtandaoni kwamba kliniki yetu inataka kuua watu, na kwa wiki mbili viti vilikaa vitupu. Mister Anwar akaogopa. Mtu kuogopa namwelewa, Mama. Nisichokielewa ni mtu kuuchukua woga wake akaufanya sheria, kisha akanikabidhi mimi niutangaze.

Aliinama kwenye meza yangu akasema kwa sauti ya chini, "Kuanzia leo, ukiona tumbo, sema hatuna nafasi."

"Wakiuliza nafasi itapatikana lini?"

"Sema tutawapigia simu."

"Na tutawapigia?"

"Wakesho, wewe ni msichana mwerevu."

Ndivyo alivyosema kila alipotaka nisiulize swali jingine. Na sikuuliza. Walikuja, mmoja baada ya mwingine, nami nikawaambia hatuna nafasi, tutawapigia, na nikaandika namba zao kwenye daftari nikijua hakuna atakayezigusa. Nilifika mahali nikawa natazama matumbo kabla ya nyuso. Siku moja nilimkataa mama ambaye hakuwa na mimba yoyote. Alinitazama, akasema kwa Kiarabu cha polepole ili nielewe, "Binti yangu, huu ni mwili wangu tu. Nina miaka hamsini na mitatu." Mister Anwar alicheka mpaka akatoa machozi. Na mimi nikacheka. Nikikumbuka kicheko changu naona uchungu kuliko nikikumbuka chake.

Kisha siku ya Jumanne akaja Prossy.

Prossy ni Mganda, anafanya kazi ya kulea watoto kwenye shule ya chekechea kule Al Rayyan. Mumewe, Ronald, ni dereva wa lori la kampuni ya vyakula. Siku ile sikuyajua hayo. Niliona tu tumbo la miezi saba, halafu nikaona uso, na huo uso ulikuwa umevimba upande mmoja mpaka jicho limeanza kufumba. Ilikuwa Julai. Joto la huku mwezi huo hulijui, Mama, na usilijue. Alikuwa amekuja kwa basi.

"Sista," akasema, alipoona jina langu kifuani na kujua ninakotoka, "niko na shida na hii jino. Siku nne silali. Nisaidie tu niingie."

"Pole sana. Leo tumejaa."

Aligeuka polepole, maana hata kugeuza shingo kulimuuma, akavitazama viti. Palikuwa na mzee mmoja tu, anasinzia chini ya kiyoyozi.

"Wamejaa wapi?" akauliza.

Mara kumi nilikuwa nimeusema uongo ule na hakuna aliyewahi kugeuka kuangalia viti. Nikainamisha kichwa nikamwambia ukweli kwa kunong'ona, "Si nafasi, dada yangu. Hapa hatupokei wajawazito. Ni amri ya ofisi."

"Kwa nini?"

"Ni amri tu."

"Jino yangu haina mimba," akasema. "Mimba iko huku chini. Jino iko huku juu."

Hakuwa anatania. Hospitalini anakohudhuria kwa ajili ya ujauzito, nafasi ya karibu ya meno ilikuwa ya wiki iliyofuata, na maumivu hayakutaka kungoja. Hapo nikafanya nililoliona kuwa busara. Nikamwambia alete barua kutoka kwa daktari wake wa uzazi, yenye kueleza kwamba anaweza kung'olewa jino, nami nitaipeleka mwenyewe kwa mudiri. Nikampa kiti, nikampa maji. Aliyanywa kwa upande mmoja wa mdomo, yakamwagika kidogo kwenye nguo, akayafuta kwa kiganja. Akaniambia asante.

Kesho yake alirudi na barua. Uvimbe ulikuwa umeshuka hadi chini ya taya na sauti yake ilitoka kama mtu aliyeweka kitu kinywani. Barua ilikuwa nzuri, Mama, imeandikwa wazi: mgonjwa anaweza kutibiwa, jino litolewe upesi, hata aina ya sindano ya ganzi inayofaa ilitajwa. Nikaibeba kwa mikono miwili kama sadaka nikaingia kwa Mister Anwar.

Hakuifungua bahasha. "Nani amekwambia uombe barua?"

"Nilifikiri..."

"Usifikiri. Ukianza kufikiri tutafunga."

"Daktari wake anasema hakuna hatari. Anasema hatari ni kuliacha."

"Basi daktari wake amtibu."

"Si daktari wa meno, bosi. Na Daktari Samira yupo, tungemuuliza tu."

"Wakesho. Hii ni biashara yangu. Mwenye duka anachagua mteja wake. Hata kwenu ni hivyo."

Hata kwenu! Mama, maneno hayo mawili ndiyo yaliyoniuma kuliko yote, kwa sababu kwetu si hivyo. Wewe umekaa miaka yote ile kwenye mashine ya kusaga unga. Nilikuwa nakaa juu ya magunia nikikungoja, na nilikuona. Mama mwenye mimba akifika hukumuuliza kitu, ulichukua debe lake ukalitanguliza, na foleni nzima, pamoja na wale wazee wakorofi waliotoka mbali, hakuna aliyefungua mdomo. Hakuna aliyekuandikia sheria hiyo. Na yule mwenye mashine, bahili kama alivyokuwa, hakuthubutu kukuuliza kwa nini.

Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia. Badala yake nilisema, "Sawa, bosi." Nikaichukua bahasha nikatoka.

Siku hiyo viti vilikuwa na watu. Prossy alinitazama tangu nilipofungua mlango.

"Amekataa?"

"Amekataa."

"Amesoma?"

"Hajasoma."

Akasema, si kwa kelele, "Sema basi. Sema kwa sauti kwa nini mimi naenda. Hawa watu wasikie, wasifikiri sina pesa ama mimi ni mwizi."

Nikasema. Mbele ya watu sita nikasema, "Hapa hatupokei wajawazito." Mmoja aliinua macho, akayarudisha kwenye simu yake. Prossy aliinuka akishikilia ukingo wa meza yangu, akashuka ngazi taratibu. Barua aliiacha juu ya meza. Na muda wote huo Daktari Samira alikuwa hatua kumi kutoka pale, nyuma ya mlango uliofungwa, anasafisha meno ya mtu ambaye hakuwa na maumivu yoyote.

Ijumaa na Jumamosi huku ni mapumziko. Nilikwenda kanisani, niliimba. Nakwambia haya ili ujue mtu anaweza kufanya jambo kama lile na bado aimbe.

Jumapili tulipofungua alipanda mwanamume mrefu mwenye sare ya udereva, vumbi la unga mabegani. Alisimama mbele yangu akavua kofia.

"Wewe ndiye Mkenya?"

"Ndiyo."

"Mimi niko bwana ya Prossy. Nimekuja kuchukua ile barua. Watu ya hospitali wanaiuliza."

Nilimpa bahasha. Nikauliza anaendeleaje, na nilishajua kwa uso wake kwamba sitaki kusikia. Akaniambia Ijumaa mkewe alishindwa kumeza hata mate. Shingo ilivimba, pumzi ikawa inapita kwa shida. Walimkimbiza hospitali, wakampasua chini ya taya kutoa usaha, na kwa siku mbili walikuwa wanamtazama yeye na kumtazama mtoto, hawajui watawaokoa wote au la. Sasa wote wawili wapo, alisema, lakini mkewe bado hajaruhusiwa kuzungumza.

Nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane. Akavaa kofia yake.

"Aliniandikia kwa karatasi," akasema, "kwamba wewe ulimpa kiti na maji. Asante kwa hiyo."

Akashuka.

Mama, sijawahi kupigwa kofi kama ile asante. Niliacha simu inaita. Niliinuka nikaingia kwa Daktari Samira bila kubisha, mgonjwa akiwa ametoka tu, nikamwambia yote, tangu amri ya kwanza. Alinisikiliza akivua glavu. Nilidhani anajua, kumbe hajui lolote. Mudiri alikuwa amemwambia wajawazito wamepungua kwa sababu ya joto.

"Kwa sababu ya joto?" akarudia. "Wangapi?"

Daftari langu nilikuwa nalo. Nilihesabu mbele yake. Kumi na mmoja.

Alikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, yeye mwenyewe. Akaniambia amefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Kuna mambo ambayo mjamzito huambiwa asubiri, sawa, na kazi ya kuamua ni ya daktari aliyemwangalia. Lakini jino lenye usaha halingoji mtu ajifungue. "Nimesomea kuwatibu hao hao," akasema. "Yeye amesomea nini? Mazulia?" Kisha akanishika mkono, akaubana hasa. "Wa kwanza atakayekuja usimpeleke kwake. Usimuulize mtu. Mlete kwangu."

Wa kwanza alikuja Jumatano. Mwalimu, Mtunisia, miezi mitano, jino limevunjika akila tende na linamkata ulimi. Aliponikaribia alianza kueleza kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kukataliwa mahali pengine. Sikumwacha amalize. Nilizunguka meza, nikampeleka, nikafungua mlango, Daktari Samira akasema, "Karibu, mama, keti." Nilipogeuka, Mister Anwar amesimama kwenye korido.

"Yule ni nini?"

"Ni mgonjwa."

"Mtoe."

Akataka kuupita mlango. Daktari Samira akaufungua kidogo tu, barakoa usoni, akasema, "Mgonjwa wangu yuko kwenye kiti," kisha akaufunga na nikasikia komeo. Basi hasira yote ya mudiri ikarudi kwangu. Alinipigia kelele pale pale mbele ya viti vilivyojaa: mimi ni nani, nimetolewa wapi, nimesahau nani alinipa kibali, nataka kumfilisi. Akamaliza na swali ambalo nadhani hakutaka lijibiwe, "Unajua nikishtakiwa itakuwaje?"

Nikajibu. Sikujua kama ninayo sauti hiyo, Mama. Nikamwambia kuna mwanamke amelala hospitali ameshonwa shingo kwa sababu wewe hukufungua bahasha. Nikamwambia huogopi wajawazito wafe, unaogopa wafie hapa. Wafie ngazini, wafie kwenye basi, wafie Al Rayyan, hayo hayakuhusu, mradi zulia lako ni safi. Nikamwambia atoe lile bango la familia huko nje, maana familia inaanzia wapi kama si tumboni? Au apake rangi yule mama kwenye picha aandike kwamba anapokelewa akishazaa. Niliyasema kwa Kiingereza, nikakosea mengine, nikaongeza Kiswahili, na hakuna aliyetazama simu safari hii. Yule mzee aliyezoea kusinzia alikuwa amesimama wima.

"Khalas, imetosha," akasema. "Kesho usije."

Baada ya saa moja aliniita kutia sahihi karatasi. Ilisema nimevunja maagizo na nimewatukana wateja. Nikamwomba kalamu, akanipa upesi. Nikaandika chini, herufi kubwa, kwamba nimefukuzwa kwa kumpeleka mjamzito kwa daktari, na kwamba kabla yake niliwafukuza kumi na mmoja kwa amri ya mwenye kliniki, majina na namba zao zimo kwenye daftari. Ndipo nikatia sahihi. Nikaipiga picha kwa simu kabla hajainyakua. Uso wake ulikuwa mwekundu, na nakiri nilifurahi.

Furaha iliisha jioni, nilipoambiwa nina siku tatu za kuondoka kwenye chumba cha kampuni. Nasimiyu, yule nesi wa Bungoma niliyekuambia habari zake, alikuja na teksi akanichukua mimi na masanduku yangu mawili, ndiyo maana barua hii naiandikia kwake hapa Al Wakrah. Ninalala kwenye kochi lake. Natafuta mwajiri mwingine, nimeshaitwa sehemu mbili kuhojiwa, na Daktari Samira ameniandikia barua ya kunisifu. Karo ya mdogo wangu Mghoi muhula huu isiwatie hofu, nimeshaipanga.

Huyo daktari hakuondoka, kwa kuwa watoto wake wanasoma hapa, lakini alimwambia mudiri kwamba mjamzito akifukuzwa tena mlangoni, yeye naye ataacha kazi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sasa wajawazito wanapokelewa, Jumatatu asubuhi peke yake, kana kwamba jino huangalia kalenda kabla ya kuuma. Mudiri anajisifu kwa hilo, nasikia. Anaona ametoa msaada.

Nilikwenda kumwona Prossy wiki ya pili. Nilibeba machungwa, nikajiona mjinga, mtu hawezi kutafuna vizuri nami nimeleta machungwa. Alikuwa amekaa kitandani na bendeji chini ya taya. Nikaanza kuomba msamaha na maneno yangu niliyoyapanga njia nzima. Akainua mkono.

"Sista, ngoja. Mimi nilikasirika na wewe kuliko yule boss," akasema. Alizungumza polepole, kwa mdomo usiofunguka wote. "Yeye sikumwona uso. Wewe nilikuona. Ulikuwa unanihurumia na unanifukuza, vyote pamoja. Ni afadhali mtu achague moja."

Nikasema, "Ni kweli."

"Ronald amepeleka malalamiko kwa wizara ya afya. Wanamwuliza nani alisikia amri kwa masikio yake. Utakuja kusema?"

"Nitakuja."

"Na ile yako pia utasema? Ya kunidanganya watu wamejaa?"

Hapo nilichelewa kidogo kujibu, Mama, nisikufiche. Kisha nikamwambia nitasema yote, langu kwanza. Akatikisa kichwa. Akachukua chungwa moja, akalinusa, akaliweka karibu na mto. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwuliza.

Wiki iliyopita alijifungua, msichana, mapema kuliko siku zake, mdogo lakini analia kwa nguvu. Ronald alinitumia ujumbe wa mstari mmoja.

Jumatatu ndiyo siku ya kwenda kutoa ushahidi. Wengine kwenye ushirika wetu wananishauri nitulie. Wanasema nitachafua jina langu nisipate kazi, wanasema mwenye biashara ana haki ya kuchagua, na mmoja, tena mama mwenye watoto wanne, aliniuliza mbona najihangaisha na mimi sina mimba. Nilimwuliza anataka ningoje mpaka niwe nayo? Sikatai mtu achague rangi ya vitambaa dukani mwake. Daktari akimwangalia mgonjwa akasema hili lisubiri, nitamheshimu. Lakini hapa hakuna aliyeangalia. Mtu ambaye hajawahi kufungua kinywa cha mgonjwa alitazama tumbo kwa mbali akaamua, na mimi nikawa mdomo wake. Nimewauliza watu wengi waniambie ruhusa hiyo imeandikwa wapi. Mpaka leo hakuna aliyenionyesha. Jumatatu nitauliza tena, mahali ambapo wanaandika majibu.

Nisalimie Baba, umwambie binti yake hajalelewa vibaya, ila alisahau kwa miezi mitatu. Msalimie kaka yangu Nyange na mkewe. Nasikia wifi yangu ana mimba ya pili: mwambie jino likimuuma, au chochote kikimuuma, asikubali kuambiwa arudi kesho. Mghoi asome, aache simu. Bibi mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu, na shangazi umwambie nimempata yule fundi wa saa aliyemtaka.

Najua utapiga magoti ukishaisoma hii, goti bovu na yote. Usiniombee hasira inishuke, Mama. Naihitaji mpaka Jumatatu ipite. Niombee tu sauti isinitetemeke nikifika kwenye lile kosa langu.

Mimi wako,
Wakesho